Beki kisiki wa barafuni: Hafungi goli, lakini bila yeye kombe mtalisikia redioni

TUSEME kura ni yako. Ungemchagua nani?

Bwana wa kwanza ni beki, lakini msimu mzima katikisa nyavu mara 40, na pasi zake 86 zimezaa magoli ya wenzake. Jumla pointi 126. Bwana wa pili naye ni beki. Huyu kafunga magoli 9, pasi za goli 24. Jumla pointi 33, basi. Swali: beki bora wa mwaka ni nani?

Najua unachotaka kusema, msomaji wangu, na hata mimi ningesema hivyo hivyo. Wa kwanza, kuna haja ya kuuliza? Lakini mwaka 1984 waandishi wa michezo wa Marekani na Kanada walikaa chini, wakapiga kura, na tuzo wakamkabidhi yule wa pointi 33. Na hawakuhongwa. Walikuwa na akili zao timamu.

Mchezo wenyewe ni mpira wa magongo wa barafuni. Yule wa pointi 126 ni Paul Coffey wa Edmonton Oilers, timu ya Wayne Gretzky, iliyobeba Kombe la Stanley mwaka huo huo. Yule wa pointi 33 ni Rod Langway, nahodha wa Washington Capitals. Watu walimbandika jina moja tu: Waziri wa Ulinzi. Tena jirani kabisa na mahali ambako Waziri wa Ulinzi wa kweli wa Marekani alikuwa akifanya kazi!

Leo tuwaangalie watu wa aina ya Langway. Beki ambaye kazi yake ni kuzuia tu. Hana mbwembwe, hana picha ukurasa wa mbele, na mara nyingine hana meno. Je, katika mchezo wa siku hizi, wa mbio na pasi kali, bado ana faida? Au kapitwa na wakati?

MCHEZO WENYEWE UKOJE?

Kwa wale waliozoea magongo ya kwenye nyasi, twende pole pole. Uwanja ni barafu tupu, urefu kama meta 61 na upana meta 26, umezungushiwa ukuta mfupi. Kila timu ina watu sita: washambuliaji watatu, mabeki wawili na golikipa. Wanatembea juu ya viatu vyenye chuma chembamba mfano wa kisu. Mpira si mpira, ni kisahani kigumu cha raba chenye uzito wa gramu 170 hivi. Na kabla ya mechi wanakigandisha kwenye friji kisije kikadundadunda. Hebu fikiria kitu hicho kinakujia usoni kwa kasi ya kilometa 160 kwa saa. Gari la abiria lenyewe halifiki huko.

Mechi ni dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20. Lakini hakuna anayecheza dakika zote isipokuwa kipa. Mtu anaingia, anakimbia kama sekunde 45 hivi, ulimi nje, anaruka ukuta kurudi benchi na mwenzake anaruka kuingia, mchezo wala hausimami. Ukifanya rafu unapelekwa kizimbani dakika mbili, unakaa peke yako kama mtuhumiwa, na timu yako inabaki na watu pungufu mpaka umalize kifungo au mfungwe goli.

Sasa, katika ligi kuu yao, inayoitwa NHL, yenye timu 32 za Marekani na Kanada, timu inafunga wastani wa magoli matatu hivi kwa mechi. Matatu! Kwa hiyo goli moja lililozuiwa si kitu cha kuchezea. Goli moja ndiyo tofauti ya kulala na raha na kulala na kichwa kinauma.

TIMU ILIYOKUWA INAKATA ROHO

Turudi kwa Langway. Jamaa alizaliwa Taiwan mwaka 1957, baba yake mwanajeshi wa Marekani. Alikuwa Montreal, timu kubwa, na huko alishabeba kombe mwaka 1979. Lakini bwana huyu alikuwa amechoshwa na kodi za jimbo la Quebec zilizokuwa zikimtafuna mshahara. Akataka kuondoka. Septemba 1982 akapelekwa Washington.

Na Washington wakati huo ilikuwa timu ya kuhurumiwa. Ilianza ligi mwaka 1974, na kwa misimu minane mfululizo haikuwahi hata mara moja kufuzu hatua ya mtoano. Mwaka ule wa 1982 mwenye timu alishachoka kupoteza pesa, kukawa na habari kwamba ataiondoa mjini hapo. Mashabiki wakaanza kampeni ya kuiokoa, kuuza tiketi huku na kule. Watu walikuwa wanahofia ajira, na watoto walikuwa wanahofia kupoteza timu yao.

Tatizo halikuwa kufunga. Msimu wa 1981/82 walifunga magoli zaidi ya 300. Tatizo ni kwamba walifungwa 338 katika mechi 80. Yaani kila wakitoka uwanjani wameachwa na zaidi ya manne. Ni kama kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka, unateka usiku kucha na asubuhi mtungi hauna kitu.

Langway akaingia, wakampa unahodha hapo hapo. Msimu wa kwanza magoli ya kufungwa yakashuka hadi 283. Yeye mwenyewe kafunga mangapi? Matatu! Mwaka mzima magoli matatu, na tuzo ya Norris, ile ya beki bora, akaichukua. Msimu wa pili timu ikafungwa 226 tu, na makipa wake Al Jensen na Pat Riggin wakapewa tuzo ya walinda mlango wa timu iliyofungwa magoli machache. Langway akachukua Norris tena, ndiyo ile ya kumwacha Coffey na pointi zake 126.

Na timu? Haikuondoka mjini. Ikafuzu mtoano mwaka 1983, na ikaendelea kufuzu misimu 14 mfululizo. Sisemi alifanya yote peke yake, hapana. Walikuja na wenzake wazuri. Lakini waliokuwepo wanamtaja yeye kwanza.

Kitu kingine kilichowafurahisha watu, jamaa alicheza bila kofia ngumu mpaka anaacha ligi mwaka 1993. Sheria ya kuvaa kofia ilikuja mwaka 1979 kwa wachezaji wapya, yeye alikuwa ameshasaini kabla. Nywele zinapepea, visahani vinapita masikioni. Ujasiri au wazimu, amua mwenyewe.

KAZI YA MTU ASIYEONEKANA

Sasa wewe utauliza: huyu beki wa kuzuia hasa anafanya nini? Maana ukitazama kisahani humwoni. Na hapo ndipo penyewe.

Kazi ya kwanza ni kukimbia kinyumenyume. Straika anakuja mbio na kisahani, beki anarudi nyuma kwa kasi ile ile, uso kwa uso, kama watu wanaocheza dansi. Nafasi kati yao ndiyo siri yote. Akikaribia mno, jamaa anampita kwa ujanja na kuingia peke yake kwa kipa. Akikaa mbali mno, jamaa anapata muda wa kulenga na kupiga. Beki mzuri anaipima nafasi hiyo kwa urefu wa gongo lake, hazidishi wala hapunguzi.

Kazi ya pili ni gongo lenyewe. Analilaza kwenye barafu mahali ambapo pasi ingepita. Hapigi mtu, hagusi mtu. Straika anaangalia, anaona njia imefungwa, anapeleka kisahani pembeni. Hatari imekwisha na hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna kilichotokea!

Kazi ya tatu ni kumsukumia adui ukutani. Katikati ya uwanja ndiko magoli yanakotoka. Pembeni, karibu na ukuta, mtu anaweza kupiga mpaka kesho. Kwa hiyo beki anamchunga straika kama mbuzi, huku anamfungia njia ya shamba.

Kazi ya nne ni mbele ya goli. Pale wapinzani wanamweka mtu mzito amsimamie kipa machoni asione kisahani kinapotoka. Beki lazima amwondoe. Kwa bega, kwa kiuno, kwa kumbo, lakini asivuke mpaka, maana refa akimwona atakwenda kizimbani.

Na timu ikiwa na watu pungufu, nani anaingizwa kwanza? Yeye. Dakika mbili za kuzuia wakati wenzao wamezidi mtu mmoja, kila shuti analiziba kwa mguu, kwa mbavu, kwa uso ikibidi.

Ni kama mlinzi wa usiku wa nyumbani kwako. Ukiamka asubuhi ukakuta redio ipo, baiskeli ipo, humwambii ahsante. Siku redio ikiibiwa ndipo unakumbuka kuwa una mlinzi, na unamkumbuka kwa matusi.

MAJERAHA YAKE SI YA KITOTO

Usidhani ni kazi ya bure kwa mwili. Aprili 1964, fainali ya Kombe la Stanley, Toronto na Detroit, mechi ya sita. Toronto wako nyuma kwa mechi tatu kwa mbili, wakifungwa hiyo kwaheri. Beki wao Bob Baun, mtu wa kukaa nyuma na kupiga makumbo, akaziba shuti la Gordie Howe kwa mguu. Muda si mrefu mguu ukakataa, akaanguka, akatolewa kwa machela. Watu wakajua basi.

Basi wapi! Kule ndani wakamfunga mguu bandeji, wakamchoma sindano ya ganzi, jamaa akarudi. Mechi ikaingia muda wa nyongeza, Baun akapiga shuti lake, likagonga gongo la mpinzani, likaingia. Yeye, ambaye kufunga haikuwa kazi yake! Mechi ya saba akacheza pia, Toronto wakashinda 4-0 wakabeba kombe. Picha ya eksirei ilipopigwa baadaye ikaonyesha mfupa umevunjika.

Utasema hizo ni hadithi za enzi za babu. Haya, twende mwaka 2019. Zdeno Chara, nahodha wa Boston, mtu wa Slovakia mwenye urefu wa meta 2.06, mrefu kuliko wote waliopata kucheza ligi hiyo kwa wakati wake. Mechi ya nne ya fainali dhidi ya St. Louis, kisahani kikagonga gongo lake, kikaruka, kikamvunja taya. Mechi ya tano watu wakatazama nani ataingia badala yake. Akaingia mwenyewe, taya limefungwa kwa waya, na kofia ya kioo hadi kidevuni. Alikuwa na miaka 42. Uwanja mzima wa Boston ulisimama kumpigia makofi. Walishindwa kombe mwaka ule, lakini hakuna aliyesema ni kwa sababu Chara alikimbia.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Lakini tusiwapambe mno. Kulikuwa na mabeki ambao kuzuia kwao kulikuwa ni kuvunja.

Scott Stevens wa New Jersey Devils alikuwa mwamba kwelikweli. Mwaka 1995 timu yake, chini ya kocha Jacques Lemaire, iliingia fainali na Detroit, waliokuwa wa kwanza katika ligi nzima. Devils wakajipanga katikati ya uwanja kama wavu wa kuvulia samaki, Detroit wakawa wanaingia wananaswa. Mechi nne kwa bila, na Detroit yote na mastaa wake ikapata magoli 7 tu. Stevens akabeba kombe tena mwaka 2000 na 2003, na mwaka 2000 akatajwa mchezaji bora wa hatua nzima ya mtoano. Ajabu ni kwamba tuzo ya Norris hakuipata hata siku moja.

Lakini mwaka huo huo wa 2000, Eric Lindros wa Philadelphia alikuwa anakatiza katikati, kichwa kimeinama, akakutana na bega la Stevens. Akalala pale barafuni. Alikuwa ameshapata mitikisiko ya ubongo kabla ya hapo, na msimu mzima uliofuata hakucheza. Kwa sheria za wakati ule halikuwa kosa hata kidogo. Mwaka 2010 ligi ikaanza kupiga marufuku makumbo ya kuvizia yanayolenga kichwa, na tangu hapo imeendelea kukaza kamba.

Na Stevens mwenyewe? Januari 2004 alitoka uwanjani kwa matatizo yale yale ya mtikisiko wa ubongo. Hakurudi tena.

SIKU ZILIPOBADILIKA

Msimu wa 2004/05 haukuchezwa kabisa. Matajiri wa timu na wachezaji walikuwa wanagombania mapesa. Waliporudi mwaka 2005 wakakuta sheria mpya. Kumshika mtu, kumkwamisha kwa gongo, kumbania asipite, mambo ambayo marefa walikuwa wakiyafumbia macho, sasa ni kizimbani moja kwa moja. Pasi ndefu za kuvuka mistari miwili zikaruhusiwa. Mchezo ukawa wa mbio.

Yule beki pande la mtu, mzito, wa kusimama kama kisiki cha mbuyu na kumshikashika mpinzani, akaanza kuachwa kwenye mataa. Vijana wepesi wakawa wanampita kama wamekuta nyumba haina mtu.

Halafu wakaja mabwana wa hesabu. Hawa walisema tusihesabu magoli tu, tuhesabu kila shuti linalopigwa, lililoingia, lililozibwa na lililopita pembeni. Hesabu hiyo ikapewa jina la Corsi, kutokana na Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo. Na hesabu zikatoa siri chungu: baadhi ya mabeki waliosifiwa kwa kuziba mashuti mengi, walikuwa wanaziba mengi kwa sababu timu yao haina kisahani! Ukiwa na kisahani wewe, hakuna shuti la kuziba. Kumsifu mtu kwa kuzima moto kila siku bila kuuliza kwa nini nyumba yake inaungua kila siku, hiyo nayo ni shida.

Hapo wengi wakasema beki wa kuzuia kafa, azikwe. Kila timu ikatafuta mabeki wa kushambulia.

LAHAULA, KUMBE BADO YUPO!

Lakini hesabu ni kisu chenye makali pande mbili. Ziliwaumbua wale wa uongo, na zikawaonyesha wale wa kweli ambao macho yetu yalikuwa hayawaoni.

Mwangalie Jaccob Slavin wa Carolina Hurricanes. Mwaka 2012 alichukuliwa akiwa wa 120 katika kuchagua vijana, yaani watu 119 walionekana bora kuliko yeye. Leo makocha wanampanga kila mara dhidi ya washambuliaji wakali kuliko wote wa timu pinzani. Hapigi makumbo ya kutisha. Anawanyang'anya kwa gongo, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kiberiti. Msimu wa 2020/21 alikwenda kizimbani mara moja tu, dakika mbili, msimu mzima! Wakampa tuzo ya Lady Byng, ile ya mchezaji mwungwana, na mwaka 2024 wakampa tena. Beki wa kuzuia anapewa tuzo ya uungwana! Mzee Baun angecheka.

Na hilo ndilo badiliko lenyewe. Beki wa kuzuia wa leo hazuii kwa misuli, anazuia kwa akili na miguu. Tena akishanyang'anya hatakiwi kukitupa kisahani hovyo mbele kama zamani, maana akikitupa, wenzao wanakiokota na kurudi nacho. Ile pasi ya kwanza ya kutoka nayo ni ulinzi. Akikosea pasi ile, kazi yote ya kunyang'anya imekuwa bure.

Je, wanalipwa? Hapo ndipo utajua matajiri wanajua thamani. Mwaka 2024 Carolina walimsainisha Slavin miaka minane, zaidi ya dola milioni 6 kwa mwaka. Mwaka huo huo Toronto wakampa Chris Tanev miaka sita, dola milioni 27. Tanev alikuwa na miaka 34, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua alipoanza, na mtu ambaye sifa yake kubwa ni kuziba mashuti na kutoka na pasi safi. Toronto walikuwa wamejaza washambuliaji wa bei mbaya, kila mwaka wanatolewa mapema. Wakakaa wakajiuliza kinachokosekana ni nini. Jibu lao likawa ni beki.

Lakini kuna upande wa kuogopesha. Marc-Edouard Vlasic wa San Jose alikuwa fundi wa kazi hii. Mwaka 2014 alikuwa katika timu ya Kanada iliyochukua dhahabu ya Olimpiki kule Sochi, ikifungwa magoli 3 tu katika mechi 6. San Jose wakampa miaka minane kuanzia msimu wa 2018/19, dola milioni 56. Kabla wino haujakauka vizuri, miguu ikaanza kuchoka. Mwaka 2025 timu ikaona bora imlipe aondoke, mkataba haujaisha. Straika akizeeka anaweza kubakiwa na shuti lake. Beki wa kuzuia akipungukiwa hatua moja tu, nafasi ile niliyokwambia, ya urefu wa gongo, inamshinda. Na hapo hana kingine cha kuuza.

SIFA ZINACHELEWA NJIANI

Sasa turudi kwenye heshima. Mwaka 2023 tuzo ya Norris alipewa Erik Karlsson, naye wa San Jose. Alipata pointi 101, kitu ambacho beki hakuwahi kukifikia kwa miaka zaidi ya 30. Hongera zake, ni kipaji. Lakini kuna hesabu nyingine, ya magoli yanayofungwa na yanayoruhusiwa mtu akiwa uwanjani. Pale Karlsson alikuwa na upungufu wa 26. Tumtendee haki, timu yake ilikuwa hoi na hesabu ile inamwangushia mtu makosa ya wengine. Hata hivyo inakwambia wapiga kura siku hizi macho yao yako wapi. Langway na magoli yake 3, leo sijui kama angetajwa hata wa kumi.

Washambuliaji wanaojitolea kukaba wana tuzo yao, inaitwa Selke, tangu mwaka 1978. Beki wa kukaba tu akapita zaidi ya miaka 40 baada ya hapo bila ya kwake.

Au mtazame Kevin Lowe. Alikaa nyuma Edmonton wakati akina Gretzky na Coffey wakipaa mbele. Mtu mmoja lazima abaki nyumbani wenzake wakienda harusini, na aliyebaki alikuwa yeye. Ana makombe 6 ya Stanley, matano ya Edmonton na moja la New York Rangers. Na ukitaka kucheka, goli la kwanza kabisa la Edmonton katika ligi ya NHL, mwaka 1979, lilifungwa na yeye huyu huyu. Coffey aliingia katika Jumba la Watukufu mwaka 2004, miaka michache tu baada ya kuacha. Lowe aliacha mwaka 1998, jina lake likapita mwaka 2020. Miaka 22 anasubiri mlangoni!

NA HUKU KWETU

Usidhani habari hizi ni za wazungu na theluji yao tu. Jijini Nairobi, katika hoteli ya Panari, barabara ya kwenda uwanja wa ndege, barafu ilimwagwa mwaka 2005, na vijana wa Kenya wakajifunza kutelezea pale. Timu yao inaitwa Ice Lions. Mwaka 2018 walisafirishwa hadi Kanada kucheza mechi, wakashtukia wanaingia uwanjani Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, tena wamevaa jezi za Kenya, wacheze nao upande mmoja. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa uanachama shiriki katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

Umeona lakini? Crosby na MacKinnon, wote washambuliaji! Wageni wa heshima walipotafutwa, hakuna aliyemkumbuka beki. Hata kwetu kwenye soka ni yale yale. Muulize mtoto yeyote anataka kuwa nani, atakutajia wafungaji. Wa kutaja beki nambari 5 utamtafuta mtaa mzima, na ukimpata, mshike mkono, huyo ana akili ya kikubwa.

Sasa nikuulize tena swali la mwanzo. Pointi 126 au pointi 33? Ukiniambia bado ni 126, sitagombana na wewe, maana Coffey alikuwa mchezaji wa ajabu, na kwake makombe yalikuja. Lakini nenda kamuulize shabiki wa Washington aliyekuwa anauza tiketi mwaka 1982 ili timu isihame. Yeye alishaona magoli 300 yakifungwa na timu inakufa. Akaja mtu na magoli yake matatu, timu ikapona.

Siku ukibahatika kuuona mchezo huu kwenye televisheni, fanya hivi: dakika tano tu, achana na kisahani. Mtazame beki mmoja, yule asiyetajwa na mtangazaji. Angalia anavyorudi nyuma, anavyolaza gongo, anavyomsindikiza mtu mpaka ukutani. Ikiwa dakika tano zimepita na hakuna lililotokea upande wake, basi jua umemwona fundi kazini.